Sura ya Sita: Sala Iliyobaki Kwenye Kadi

Kwenye kioo cha kompyuta chombo kilikuwapo, kisha hakikuwapo.

"Rudisha," Georgette akasema.

Emery akarudisha. Ua wa mzee Rutayisire ukajaa tena kioo kizima, na rangi zake zilikuwa safi kuliko zilivyokuwa siku yenyewe: turubai la bluu, wageni wa pande mbili wameketi wakitazamana, na katikati yao meza fupi yenye kitambaa cheupe. Juu ya kitambaa ilisimama icyansi, chombo cha maziwa kilichochongwa kwa mti mweusi, na mfuniko wake wa ukindu wenye ncha ndefu. Pasta akainuka, akasema, "Tusimame tuombe." Picha ikakatika. Picha iliyofuata, watu walikuwa wakikaa na kupanguza macho, na kitambaa kilikuwa kitupu.

"Tena," akasema Georgette.

"Mama Opeji, tumeangalia mpaka kompyuta imechoka."

"Mi bado. Rudisha."

Kule Uvira Georgette alikuwa ofisa wa polisi ya upelelezi, opeji kama wanavyoitwa na Wakongo, na ingawa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi huku Uganda, aliuza unga wa muhogo tu, hakuna aliyemwita muuza unga. Kuku akipotea, Mama Opeji. Mume akipotea, Mama Opeji, na mara nyingi kuku ndiye aliyekuwa na kisingizio cha maana zaidi. Alikuwa mama mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara, na hakukizuia, kwa sababu mshukiwa akicheka husahau kuchunga ulimi.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi hakuwa amecheka bado. Lori la matoke lilikuwa limewapakia Kaberebere, yeye na Emery mpiga video, likawashusha Mbarara karibu na soko kuu, na sasa walikuwa wameketi ghorofani, juu ya duka la vitambaa, katika studio ya Bwana Rwakabuba. Hapo ndipo Emery alipozoea kuhamishia picha zake. Nakivale palikuwa na kompyuta, ndiyo, lakini hakuna iliyoweza kula picha za HD bila kupaliwa.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi na chungu. Jumamosi iliyopita ilikuwa dote, sherehe ya mahari, ya Uwamariya, binti wa Rutayisire, anayechumbiwa na Baudouin. Wa kwao Uwamariya ni wafugaji wa milima ya Minembwe. Wa kwao Baudouin ni wakulima wa bondeni, Ruzizi. Chombo kile kilikuwa cha bibi yake Uwamariya, marehemu, aliyekibeba mgongoni kama mtoto siku waliyokimbia vita, akaacha vyungu, nguo na godoro. Watu wamefunga macho kuomba. Wanafungua macho, chombo hakipo. Na aliyesimama karibu kabisa na meza alikuwa Déo, kaka yake Baudouin, aliyekuja na koti kubwa la mvua siku isiyo na wingu. Koti likatosha kuwa ushahidi. Rutayisire alikuwa amesema mbele ya watu wote, "Mi siwezi tena kufunga macho nikiwa na bale batu," na kwamba chombo kisipoonekana, Jumamosi hii hakuna harusi. Uwamariya alikuja mwenyewe kibandani kwa Georgette, akakaa juu ya gunia la unga, akalia mpaka unga ukashikana.

Georgette akasogeza kiti karibu na kioo. Pembeni mwa picha palikuwa na orodha ndefu ya mafaili, na kila faili lilikuwa na namba badala ya jina.

"Hizi namba, ni nani anaziandikaka?"

"Ni kamera yenyewe, mama. Kila mara unabonyeza kuanza, inafungua fishie mupya, inaipa namba."

"Kamera inajua kuhesabu?"

"Inajua muzuri."

"Haikosake?"

"Haikosake."

"Basi sita iko hapa, saba iko hapa, na hii yenye kitambaa kitupu ni tisa." Georgette akaweka kidole kinene kwenye kioo. "Nane iliendaka wapi, Emery?"

Emery akageuza uso kutoka kwenye kioo. Alikuwa kijana mrefu, nadhifu, mwenye fulana iliyoandikwa HD kifuani kwa herufi alizozishona mwenyewe. Nakivale haina siri, na Georgette alijua fika kwamba mwaka juzi kijana huyu alimwimbia Uwamariya pambio zima, sauti zote nne peke yake, nje ya ua wao, mpaka mbwa wa Rutayisire akatoka kumshangilia kwa meno. Mwanaume aliyekataliwa, harusi ya aliyemkataa, na faili linalokosekana. Vitu hivyo vitatu vikiketi pamoja, opeji yeyote angevuta pingu.

"Emery, mwanangu. Ni wewe ulifuta?"

"Sikufuta."

"Basi iko wapi?"

"Ile ni sala, mama."

"Nilikuuliza iko wapi, sikuuliza ni nini."

"Iko mu kamera, ku kadi. Sala sipitishake ku ordinatere, ku hii kompyuta." Sauti ikaanza kumkimbia. "Batu hawapendake kujiona banafunga macho. Mama mumoja alinirudishia DVD juu anaonekana kinywa wazi katikati ya sala, akasema nimemufanya samaki. Na pasta anasemaka ni vibaya kuchungulia mutu akiongea na Mungu wake. Basi wakati wa kupitisha picha nachagua moja moja, na sala naruka."

"Na wewe siku ile ulichungulia?"

"Hapana, mama. Mi nami nilifunga macho."

"Na kamera?"

Emery akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama ng'ombe anavaa viatu. "Kamera iko ku miguu yake mitatu, inaendelea. Ningeizima namna gani na macho nimefunga?"

Hapo Georgette akacheka. Alicheka mpaka glasi zikagongana kwenye kabati la Rwakabuba, akamshika Emery bega akimtikisa, na Emery naye, bila kujua kwa nini, akaanza kucheka.

"Ua mzima," Georgette akasema alipopata pumzi. "Ba mama, ba papa, ba kwaya, pasta. Wote macho imefungwa. Na kuna jicho moja tu lilibakia wazi, na wewe njo ulilinyima ruhusa ya kusema. Kadi umeifuta?"

"Bado. Nafutaka wakati kazi ingine inaingia. Kesho jioni niko na ubatizo."

"Basi asanti Mungu kwa ubatizo wa kesho kuwa kesho. Leta kadi."

Ila haikuwa rahisi hivyo. Siku ya kwanza Emery alikuwa amechomeka kamera yenyewe kwenye kompyuta kwa waya. Kamera ile ilikuwa na kiburi chake: ikila betri peke yake, haikubali kuongea na kompyuta mpaka ichomekwe kwenye umeme wa ukuta, kwa adapta yake. Na adapta ilikuwa Nakivale, imebaki kwa mwenye sola pamoja na betri ya akiba. Emery akasema si neno, akatoa kadi kwenye tumbo la kamera, akaivuta droo ya Rwakabuba, akapata kisomaji cha kadi, kidude cha kijivu kilichochakaa. Rwakabuba mwenyewe alikuwa ameshuka kutafuta chai. Emery akachomeka.

Kompyuta ikawaza. Kisha kikatokea kisanduku katikati ya kioo, maneno ya Kiingereza, na chini yake vitufe viwili. Emery akapeleka mshale kwenye kile cha Yes.

Mkono wa Georgette ukashuka juu ya mkono wake kama kifuniko cha sufuria.

"Inauliza nini?"

"Sijui muzuri, mama. Kila mara inauliza kitu. Najibu yes, inaendelea."

"Unajibu ndiyo bila kujua swali?"

"Ni kompyuta tu."

"Uvira niliona mutu aliingia gereza juu ya ndiyo moja kama hiyo. Toa kidole. Tungojee mwenye nyumba."

Wakangoja, mkono juu ya mkono, mpaka Rwakabuba alipopanda ngazi na birika la chai na chapati za mayai zilizoviringishwa kwenye karatasi. Alikuwa Mnyankore mwembamba mwenye miwani, mpole sana kwa watu, mkali sana kwa mashine. Akasoma kioo, chai ikamwagika kidogo.

"Nyabo, nani nataka kugonga hii?"

"Hakuna amegonga," akasema Georgette. "Inasema nini?"

"Inasema hii kadi hapana kitu. Inasema, niruhusu nisafishe yote, nianze upya. Wewe nagonga yes, picha yote nakwisha."

Emery akaondoa mkono wake chini ya ule wa Georgette, akaukalia.

"Lakini kadi iko na kitu," akasema Georgette.

"Iko. Hii kisomaji yangu iko mzee. Kadi iko mpya, iko kubwa sana. Mzee naona kubwa, naogopa, nasema tupu." Rwakabuba akachomoa kadi kwa ncha za vidole, akasukuma kifungo kidogo sana kilichokuwa ubavuni mwake. "Sasa nimefunga. Sasa hata mjinga hawezi kufuta."

"Asante, mzee," Emery akasema kwa unyonge.

"Hapana wewe. Nasema mjinga mwingine."

Ikabidi kurudi kwa kamera na kiburi chake. Rwakabuba akavuta chini ya meza sanduku la adapta yatima, zile zilizobaki baada ya wenye kamera kuibiwa, kuhama au kufa, akaanza kuzisoma moja moja, maandishi madogo kabisa, akiweka kando zenye nguvu nyingi na zenye mdomo mwembamba. Georgette akala chapati yake na ya Emery, maana Emery hakuweza kula. Hatimaye moja ikaingia na kutulia. Taa ndogo ikawaka kwenye kamera, kompyuta ikalia kengele, na humo ndani kukaonekana folda, na ndani yake folda nyingine, na ndani ya hiyo nyingine tena, mpaka chini kabisa kwenye mafaili yenye namba. Saba. Nane. Tisa.

"Ile nane ni kubwa," Emery akanong'ona. "Pasta aliomba sana."

"Sasa nachukua folda yote," Rwakabuba akasema. "Yote, na mama yake. Hapana chagua, chagua. Kuchagua ndiyo naleta kesi."

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Ulikuwa bado haujafika nusu simu ya Georgette ilipoita. Alikuwa Rutayisire, na sauti yake ilisikika chumba kizima bila kuwekwa spika.

"Mama Opeji, nimetuma mutu kwa pasta. Jumamosi hakuna kitu."

"Mzee, umenipa mpaka Ijumaa."

"Ijumaa ni kesho. Ile familia bana chombo cha mama yangu mu nyumba yabo, na wanataka na binti yangu aende kule kule?"

"Nijibu kitu kimoja. Siku ile, baada ya sala, ni nani wa kwenu hakukula?"

"Wa kwetu? Juu ya nini wa kwetu?"

"Aliyebeba chombo hakukaa kula, na wa bondeni nilishawauliza. Nijibu tu, mzee."

"Wote walikula. Ni Yudita tu, dada yangu, hakungojea. Ng'ombe wao kule Endiinzi iko karibu kuzaa, alisema toka asubuhi ataondoka mapema. Ile si kitu."

"Amekupigia simu tangu siku ile?"

"Simu ya Yudita inakaaka bila sharji mwezi muzima. Mama Opeji, unatafuta mwizi mu familia yangu?"

"Natafuta chombo, mzee. Usitume mutu mwingine kwa pasta."

Akakata kabla mzee hajajibu. Mstari wa kijani ukafika mwisho.

Emery akabonyeza faili la nane mara mbili. Pasta akasimama, akainua mkono, akafungua kinywa kusema "Bwana", na hapo hapo akaganda. Sauti ikaendelea bila yeye. Sala nzima ilimiminika kutoka kwenye spika, wajane, yatima, serikali ya Uganda na mvua, na pasta amebaki pale kinywa wazi. Kisha picha ikaruka, akaonekana amefumba kinywa, ikaganda tena.

"Samaki," akasema Georgette.

"Picha ya HD iko nzito," Rwakabuba akaeleza. "Kompyuta nabeba sauti, nashindwa kubeba uso. Ngoja. Nafanya kopi nyepesi, tunatazama hiyo. Ile nzito naweka vizuri, tutaitaka."

Kutengeneza kopi nyepesi kulikula mchana. Feni ya kompyuta ilivuma, Rwakabuba akapiga watu wawili picha za pasipoti, na Georgette akalala akiwa ameketi, wima, kama walalavyo polisi. Walipomwamsha, faili lilikuwa tayari, na sasa pasta aliomba bila kuganda.

Watazamaji watatu wakasogea. Wageni wote walikuwa wamesimama, macho yamefungwa, na Emery alikuwa na haki: hakuna anayependeza akiwa hivyo. Georgette hakumtazama yeyote ila Déo kwanza. Alikuwa pale pale karibu na meza. Koti lake la mvua lilikuwa limetundikwa kwenye mgongo wa kiti, na Déo alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, vidole vimetanuka, machozi yakimtiririka hadi kwenye tai. Pasta akaombea wachumba. Mikono ilikuwa juu. Akaombea wajane, mikono juu. Ilitetemeka, ilichoka, lakini haikushuka.

"Huyu hakuiba hata nzi," Georgette akasema, na furaha ikamjaa waziwazi, kwa kuwa alimpenda Déo na alikuwa amejikataza kumpenda mpaka apate ushahidi. "Endelea."

Pasta alikuwa amefika kwenye mvua wakati mkono ulipoingia kutoka kulia, mkono mtupu hadi kwenye kiwiko, na juu yake kitambaa cha rangi ya machungwa kilichofungwa begani. Bangili za shaba zilikuwa kwenye kifundo. Uso ulibaki nje ya picha. Mkono haukukimbilia chombo. Ulienda kwanza kwenye kitambaa cheupe, ukakigusa kwa kidole, kidole kikasuguana na kidole gumba. Ukasimama. Kisha mkono wa pili ukaja. Mmoja ukapita chini ya kitako cha chombo, mwingine ukashika ubavu, chombo kikainuliwa taratibu, mfuniko wake wima, kikatoka kwenye picha. Mkono mmoja ukarudi, ukageuza kitambaa cheupe juu chini, ukakinyoosha mikunjo, ukaondoka.

Emery alikuwa amefunika kinywa. "Mwizi."

"Mwizi anabebaka chombo namna gani?"

"Haraka."

"Ku shingo, chini ya nguo, anakimbia. Huyu ameweka kiganja chini kama anabeba mtoto wa siku moja. Mi natoka bondeni, Emery, na Déo pia. Kule kwetu chombo ni chombo, tungekamata popote. Mutu anabeba icyansi vile, alifundishwa na mama yake mu boma la ng'ombe. Na mwizi gani anarudi kunyoosha kitambaa?" Akamgeukia Rwakabuba. "Mzee, nataka ile nzito sasa. Picha moja tu. Pale anagusa kitambaa."

Rwakabuba akafungua faili zito, akalisimamisha pale pale, akakuza. Picha ya kawaida ingekuwa imevunjika vipande vipande. Hii ilibaki picha: nyuzi za kitambaa zilihesabika. Na kwenye nyuzi, kuzunguka kitako cha chombo, kulikuwa na doa la kijivu, limetanuka upande mmoja.

"Maji?" Emery akauliza.

"Maziwa," akasema Georgette. "Chombo kilikuwa kinavuja. Hizo bangili, unazijua?"

Emery akarudisha picha hadi faili la pili, kwenye ngoma za asubuhi. Mama mrefu mwenye kitambaa cha machungwa alikuwa akicheza mbele ya wote, mikono imepanuka kama pembe, bangili za shaba zikimetameta.

"Yule shangazi, Tantine Yudita," Emery akasema.

Georgette hakumpigia Rutayisire. Habari kama hiyo, alijua, hufika vibaya ikitangulia bila mwenyewe. Walilala kwa dada yake Emery pale Kakiika, wakiwa na faili la nane kwenye kompyuta ndogo ya kuazima ya Rwakabuba, na Ijumaa asubuhi wakawa Endiinzi.

Hawakumkuta Yudita nyumbani. Walimkuta kwa mzee mmoja mchonga vyombo, amechuchumaa mbele ya icyansi iliyojaa maziwa, iliyowekwa juu ya jani kavu la mgomba. Alikuwa akilitazama jani. Hakuonekana kushtuka kumwona Georgette. Alionekana kusumbuliwa tu.

"Mama, usisogee, utatikisa. Kiliamkia na maziwa toka jana na jani bado kavu."

Georgette akachuchumaa pembeni yake, kwa shida, akalitazama jani naye. Ubavuni mwa chombo palikuwa na mshono mwembamba wa waya, umejazwa siagi, umefukizwa moshi hadi ukawa mweusi kama mti wenyewe.

"Kilipasuka?"

"Kilikauka. Miaka yote chini ya kitanda, bila maziwa, bila siagi. Kazi ya kukipaka siagi ni yangu, mi ndiye shangazi ya mtoto. Nikasema nitapaka kesho, nitapaka kesho, kukawa Jumamosi." Yudita hakuondoa macho kwenye jani. "Nikakijaza maziwa hivyo hivyo. Pasta akianza kuomba, naona kitambaa kinalowa. Unajua ni nini, chombo cha bibi-arusi kuvuja mbele ya wakwe? Ni kusema nyumba yake haitashika kitu. Na ukitamka kwa kinywa ndiyo umeimaliza. Nikasema, wamefunga macho, hii ni nafasi Mungu amenipa. Nikakibeba. Nilipita nyuma ya jikoni, nikamwaga maziwa ku mizizi ya ndizi, nikaondoka. Kesho, asubuhi ya harusi, nakirudisha, hakuna atajua."

"Ulidhani hakuna atauliza?"

"Nilidhani watasema kimerudishwa ndani."

"Walisema Déo amekiiba."

Yudita akageuka. Kwa mara ya kwanza hakulitazama jani.

"Déo yupi?"

"Kaka ya Baudouin. Kaka yako amesema hakuna harusi. Uwamariya analia toka Jumapili."

Yudita akasimama. Alikuwa mwanamke wa miaka mingi na magoti mabaya, lakini alisimama mara moja, akaingiza kiganja chini ya kitako cha chombo, akakiinua na maziwa yake.

"Twende," akasema. "Sasa hivi. Ng'ombe atazaa peke yake, anajua njia."

Hivyo ndivyo Mama Opeji alivyoingia Nakivale alasiri ile, juu ya pikipiki ya pili, nyuma ya pikipiki ya kwanza iliyokuwa imembeba mama mwenye chombo mapajani, dereva ameapishwa kwa jina la Yesu kukwepa mashimo. Emery alifuata na ya tatu, kamera kifuani. Watoto walikimbia nyuma yao wakipiga vigelegele bila kujua ni vya nini.

Pande zote mbili ziliitwa uani kwa Rutayisire. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, na Déo alikuja na shati tupu, mikono imekunjwa hadi kwenye mabega, ili kila mtu aone hakuficha kitu. Koti alikuwa ameliacha nyumbani, na alikuwa amelowa. Alisimama mbali na meza.

Georgette hakuhutubia. Alifungua kompyuta ndogo juu ya meza ile ile fupi, akamwambia Emery aanze. Waliona wenyewe: nyuso zao zilizofungwa, mikono ya Déo juu, juu, juu. Baudouin akamshika kaka yake mkono kwa nguvu. Rutayisire aliinamia kioo hadi pua ikakaribia kugusa, na mkono wa machungwa ulipoingia, akasema polepole, "Hizo bangili nilimununulia mi mwenyewe."

Yudita akasogea, akaweka chombo mezani, mbele ya wakwe, kimejaa.

"Kilivuja," akasema. "Sasa hakivuji. Uvivu ulikuwa wangu, na aibu ni yangu. Huyu kijana hana kitu."

Uwamariya alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa analia tena, ila safari hii alikuwa anacheka vilevile, na pua yake haikujua ifuate kipi. Rutayisire alijinyoosha. Alikuwa mtu mrefu, na mwendo wa kutoka mezani hadi kwa Déo ulimchukua muda.

"Déo," akasema. "Nilikuharibia jina mbele ya batu. Basi mbele ya batu njo nakuomba pardon."

Déo akatazama chini. "Imeisha, papa."

"Haijaisha." Rutayisire akarudi mezani, akachukua chombo cha mama yake, akakipeleka kifuani kwa Déo. "Shika. Hapana, si ku shingo. Huu mukono chini. Huu mwingine pembeni. Vile."

Déo akashika. Maziwa yakatikisika, yakatulia. Mama mmoja wa kwao Baudouin akapiga kigelegele, wa kwao Uwamariya wakaitikia, na kwa muda mrefu hapakusikika kitu kingine. Pasta, ambaye hapotezi nafasi, akasubiri kelele zipungue, kisha akainua mkono.

"Tuombe."

Emery akamtazama Georgette, kidole chake juu ya kitufe.

"Acha itembee," Georgette akasema kwa sauti ya chini. "Na hii utaipitisha ku ordinatere yote, mpaka amina."

Watu wakafunga macho. Georgette hakufunga yake, kwa desturi ya kazi, akazungusha jicho ua mzima. Manyunyu yalikuwa yanakatika. Yudita alikuwa anaomba na midomo ikicheza. Déo alisimama katikati, viwiko vikimruka kidogo kila pasta alipopandisha sauti, maana mikono yake ilitaka kupanda juu na haikuwa na ruhusa.

Pembeni yake, bega kwa bega, alisimama Rutayisire. Georgette alimtazama kwa makini kuliko mwingine yeyote, kama anavyotazamwa shahidi aliyewahi kuapa. Mzee alikuwa amefunga macho. Hakuchungulia chombo, hakukunja kope. Alikuwa amefunga kabisa, kichwa kimeinama upande wa Déo.

Basi Georgette naye akafunga yake, akaiachia kamera kazi.